Senene wa Karatasi

Kuna asubuhi Kamachumu ambazo kilima chenyewe hujisahau. Ukungu hupanda kutoka ziwani, hujaza mabonde, hufunika mibuni na migomba, na nyumba hubaki zinaelea kama mapovu juu ya maziwa. Asubuhi ya namna hiyo ukimwita jirani, sauti hutembea polepole, hukaa njiani ikapumzika, ndipo inamfikia.

Tarehe nane Desemba, mwaka wa sabini na moja, kulikuwa hivyo hivyo. Kesho yake Uhuru ulikuwa unatimiza miaka kumi. Verdiana alikuwa ametoka Misa ya alfajiri, maana ilikuwa pia sikukuu ya Bikira Maria, na sasa alisimama ukingoni mwa kibanja chake, shingo ameinua, akitazama weupe mtupu.

"Unaona nini huko, Mama Datius?" aliuliza Jovita, jirani yake. "Mimi hata mbuzi wangu simwoni, na kamba yake ninayo mkononi."

"Sioni. Nasikiliza."

Alikuwa na sababu. Verdiana alizaa watano. Wanne walilala chini ya migomba, kila mmoja na jiwe lake, na baba yao akawafuata. Aliyebaki ni Datius peke yake. Huyo ndiye aliyesoma, akapata kazi ofisini mjini Bukoba, akapanga chumba mtaa wa Bakoba, na kila mwisho wa mwezi akapanda basi kuja kula ndizi za mama yake. Wiki iliyopita alikuwa ameleta barua. Verdiana aliisoma mwenyewe, maana mwaka huo alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima. Aliisoma siku mbili, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

Barua ilisema hivi: Mama, shikamoo. Siku ya Jumatano tutafanya majaribio ya sherehe. Ndege zitakuwa mbili. Moja nitakuwemo mimi na magunia ya karatasi, nyingine atakuwemo mpiga picha. Nikifika juu ya Kamachumu nitamwaga karatasi, nawe uwaambie watu ni mwanao. Halafu chini kabisa: Kitendawili, mama. Ndege wangu hatagi wala hali mtama, humeza watu na kuwatapika wazima.

Verdiana alicheka peke yake. Angetoaje mji kwa mtoto aliyemfundisha vitendawili mwenyewe?

Sasa ndege ziliposikika, zilikuja kama nyuki wawili ndani ya chungu. Mlio mmoja mnene, mwingine mwembamba. Zilipita juu ya ukungu, zikaenda upande wa Muleba, zikarudi. Jovita akashika kifua.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Ule mnene ndio wake. Hata akitembea, mwanangu hukanyaga kwa kishindo."

Milio miwili ikasogeleana, ikasogeleana, mpaka ikawa kama mmoja. Kisha kikasikika kishindo kikavu, kama mlango mkubwa uliofungwa na upepo. Baada yake hakuna kitu. Kimya kikashuka juu ya mibuni.

"Radi!" akasema Jovita. "Radi bila mvua."

Kila mtu Kamachumu anajua radi ya Desemba huleta nini. Hiyo ndiyo iliyowaponza. Maana wakati huo huo jua lilipasua ukungu, pakawa na uwazi kama dirisha, na ndani ya dirisha hilo, juu sana, vitu vya kijani vilikuwa vinapepea. Mamia, kisha maelfu, vikimetameta, vikigeuka tumbo na mgongo, vikishuka bila haraka yoyote.

"Senene!" mtu akapiga kelele mteremkoni. "Senene wameanguka!"

Basi kilima kizima kikaamka, maana panzi hao ni kitoweo kinachongojwa mwaka mzima. Wanawake wakatoka na vikapu, na magunia, na mashuka ya vitanda. Mzee mmoja akatoka na sufuria ikiwa bado na uji. Verdiana alikuwa wa kwanza. Akaweka kiganja mdomoni akapiga vigelegele, mara tatu, virefu, vikaenda mpaka ng'ambo ya bonde na kurudi. Akakusanya pindo la kanga, akakimbia kama msichana.

"Mwaka huu nitawatafuna mbele ya mume wangu!" Jovita alicheka nyuma yake. "Ati mwiko, wanawake hatuli senene, wanawake hatuli senene! Nitakula, tuone kama ndevu zitaniota."

"Zitakuota, na zitakupendeza!"

Walicheka wote wawili, mikono juu, katika ile mvua ya kijani iliyokataa kufika chini. Ilikuwa kama ndoto ambayo mtu anaruka na hagusi. Kitu kimoja kikatua begani kwa Verdiana. Akakifumba kiganjani upesi, kama senene anavyokamatwa, akangoja kusikia miguu ikikwaruza. Hakikukwaruza. Akafumbua. Ilikuwa karatasi.

Akaisoma pale pale, midomo ikicheza. U-hu-ru. Mi-a-ka ku-mi.

"Jovita! Ni za mwanangu! Si senene, ni za Datius!" Na bado alikuwa anacheka, akiwainulia watu karatasi. "Ni mwanangu huyo! Ni mwanangu!"

Ndipo gunia lilipoanguka. Lilipasua majani ya migomba, likalala ubavu kati ya miche. Lilikuwa limejaa, na shingo yake imefungwa kamba.

Verdiana alilitazama. Kicheko kilibaki mdomoni, lakini mwenyewe hakuwepo tena ndani yake. Mtu anayemwaga karatasi hufungua gunia. Hakuna anayetupa gunia likiwa limefungwa.

Mwinjilisti Josia alikuwa anateremka njia ya mlimani, kofia mkononi. Yeye alikuwa Mlutheri, na kwa kuwa hiyo haikuwa sikukuu kwao, alikuwa amepanda mapema kukata fito juu kabisa, kule ambako ukungu haufiki. Alipowaona wanawake na vikapu vyao alisimama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Mama Datius," akasema taratibu. "Weka kikapu chini."

"Umeona nini?"

"Zimegongana. Bawa la moja limeingia mkiani mwa nyingine. Moja imekwenda ziwani, upande wa Bumbire. Imezama. Nyingine ilikuwa inayumba kama mlevi, ikashuka kule rweya, nyuma ya kilima. Sikuona moto."

"Ya mwanangu ni ipi?"

"Zilikuwa kati yangu na jua. Zote nyeusi."

"Karatasi zimetoka kwenye ipi?"

"Mama, zilikuwa zimeshikana. Karatasi zilitoka katikati."

Verdiana aliweka kikapu chini. Alikiweka vizuri, mpini ukiangalia nyumbani, akaanza kutembea.

Kwenda rweya ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye afya. Rweya ni nyasi tupu, hakuna mgomba wala kibanda, watu hufuata huko nyasi za kuezekea na kutandika sakafu. Jovita alimfuata. Josia akatangulia kuonyesha njia. Ukungu ulikuwa umerudi, na karatasi bado zilikuwa zinashuka, moja moja, zikichagua mahali pa kutua. Moja juu ya mgongo wa ng'ombe. Moja kisimani, ikaelea uso juu. Verdiana alitembea na hakusikia ardhi. Ilikuwa kana kwamba miguu imetangulia na yeye anaifuata kwa nyuma, akiitazama.

Jovita aliogopa ule ukimya.

"Kitendawili," akasema.

"Niache, Jovita."

"Kitendawili, nimesema."

Hatua kumi. "Tega."

"Mgeni wangu huingia bila hodi, hakai kitini, akitoka nyumba yote imelowa."

"Ukungu."

"Haya. Mama mmoja, watoto mia, wote wamevaa kijani, na wote hukatwa siku..." Jovita akanyamaza. Jibu lilikuwa mkungu wa ndizi. Aliuma ulimi wake.

"Malizia," akasema Verdiana.

"Nimesahau."

Wakatembea. Ikafika mahali njia inapogawanyika, na kutoka hapo, ukungu ukifunguka, ziwa huonekana. Lilionekana. Lilikuwa limetulia, jeupe, halina hata mkunjo, kama kitanda kilichotandikwa. Verdiana alisimama. Akageuka upande wa nyasi, akageuka upande wa maji. Halafu akapiga magoti njiani, na Jovita alisikia kila neno, maana hakunong'ona.

"Bikira Maria, leo ni siku yako. Wanne nimekupa, sikukuuliza. Huyu niachie. Aliyezama majini awe yule mwingine. Nakuomba, awe yule mwingine."

Josia alivua kofia, akatazama pembeni. Jovita alisema "Amina" kabla hajajua anachoitikia.

Waliikuta ndege imelala kifudifudi, bawa moja limemeguka, nyasi zimelala nyuma yake kwa mstari mrefu kama njia ya kiboko. Wachunga ng'ombe wawili walikuwa wamesimama mbali kidogo. Rubani alikuwa amekaa juu ya tairi, akiongea peke yake kwa Kiingereza. Na kando yake, mgongo umeegemea gunia, mkono wa kushoto umefungwa kwa shati, alikuwa Datius.

Verdiana hakupiga kelele. Alimgusa paji la uso, masikio, meno. Akahesabu vidole vya mkono mzima na vya mkono uliovunjika. Datius akasema, "Mama, ni vyote," naye akasema, "Nyamaza nimalize."

Alipomaliza, alikaa kwenye nyasi, furaha ikamjaa mpaka kooni. Mtu anaweza kuzama katika furaha pia. Alibaki humo kitambo, hasikii kitu, akiona tu jinsi nyasi zinavyoinuka moja moja pale zilipolazwa.

"Alitaka tusogee," Datius alikuwa anasema. "Alisema picha haitatoka vizuri tukiwa mbali. Alikuwa anatuonyesha kwa mkono, hivi, sogeeni, sogeeni. Mkono wa kushoto. Protase hutumia kushoto kwa kila kitu."

"Nani?"

"Protase, mpiga picha. Wa Nshambya. Ofisini tunakaa meza moja. Mama yake anaitwa Clotilda, ana yeye tu." Akageukia upande wa ziwa. "Wamewapata? Mama, wamewaokoa?"

Verdiana alitazama mkono wake uliokuwa bado begani kwa mwanawe. Kule njiani yule mwingine hakuwa na jina. Hakuwa na meza wala mama. Sasa alikuwa Protase.

Kesho yake ngoma zilipigwa kwa ajili ya Uhuru, kwa sauti ya chini kidogo kuliko ilivyopangwa. Mganga wa zahanati alikuwa amemfunga Datius mkono, na majirani walikuja na pombe ya ndizi kumpongeza mama. Walimkuta amewasha moto nje ya nyumba. Alikuwa ametandaza majani makavu ya migomba uani, kama wafanyavyo waliofiwa, amekaa juu yake, kitambaa kimefungwa kiunoni. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, mpini chini.

Watu waliangaliana. Wengine walirudi na vibuyu vyao.

Siku ya pili akaja balozi wa nyumba kumi, Byabato, mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Ndugu Verdiana. Leo ni zamu ya shamba la ujamaa. Wenzako wako kwenye maharage, wewe umekaa."

"Nina msiba, balozi. Aliyefiwa hashiki jembe."

"Msiba wa nani? Mwanao si huyo ndani? Nimemsikia anatafuna."

"Wa Protase."

"Protase yupi?"

"Wa Nshambya, mjini. Aliyezama."

Byabato alikuna kichwa. "Ni ukoo wenu?"

"Hapana."

"Ni mkwe? Ni mtoto wa ubatizo?"

"Sijamwona hata siku moja."

"Sasa mama, tukianza kuomboleza kila mtu tusiyemjua, nani atapalilia? Hata Azimio la Arusha halikusema hivyo."

Jovita, aliyekuwa anamenya ndizi pembeni, alimkonyeza anyamaze. Lakini Verdiana alishainua uso.

"Balozi, mimi nilimwomba," akasema. "Zilikuwa mbili, na walikuwa wana wa watu. Nilipiga magoti nikasema achukuliwe yule. Na kabla ya hapo, wakati wanavunjika kule juu, nilikuwa nacheka hapa. Nilipiga vigelegele. Kilima kizima kilinisikia. Ukitaka nishike jembe nitashika, lakini niambie wewe nitalimaje."

Byabato alitazama lile jembe, akatazama migomba, ambako karatasi bado zilikuwa zimekwama juu kwenye majani, zikipepea. Akakaa kwenye mizizi ya mti, kofia magotini.

"Mimi pia nilikimbia na gunia," akasema hatimaye. "Nilikuwa nimechukua la kahawa, lile kubwa." Kisha akainuka. "Mstari wako wa maharage nitaupalilia mimi. Lakini ukikaa hapa moto huu haumfikii mtu. Mama wa mtoto yuko Nshambya."

Verdiana alikuwa anajua hilo tangu siku ya kwanza. Ndilo lililokuwa linamwogopesha.

Jumamosi alipanda basi la Bukoba, mkungu wa ndizi juu ya karia na mzigo wa kuni miguuni. Datius alitaka kwenda naye, akamkataza. "Wewe ukiingia pale ukiwa mzima utakuwa umemrushia jiwe. Ngoja niende mimi kwanza." Njia nzima alipanga maneno. Atasema yeye ni mama wa Datius. Hapo Clotilda atamwambia toka. Au atasema yeye ni mpita njia, ataweka ndizi, atalia kidogo na kuondoka. Basi lilikuwa linateremka kuelekea mjini, ziwa likiwa wazi mkono wa kulia, na kila mtumbwi aliouona aliuliza moyoni kama wamempata.

Walikuwa hawajampata, wala rubani wake. Nyumba ya Clotilda ilikuwa ndogo, katikati ya migomba yake, na uani wanawake walikuwa wamekaa juu ya majani makavu, wameegemeana. Verdiana aliweka ndizi pale zilipowekwa nyingine, akaweka kuni penye kuni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Penye msiba mwenye mzigo kichwani hahojiwi. Verdiana alimtambua Clotilda bila kuambiwa. Ndiye pekee aliyekuwa ananyanyua uso kila mtu anapoingia, akimtazama kwanza mikononi, kama aliyeahidiwa kitu.

Verdiana alipiga magoti mbele yake. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamebaki ndani ya basi.

"Mimi ni mama wa Datius," akasema.

Clotilda alimtazama mikononi, kisha usoni.

"Aliyeshuka kwenye nyasi."

"Ndiyo."

"Anaendeleaje?"

"Mkono umevunjika. Anakula. Dada, nimekuja kukuambia kitu, halafu ukisema niondoke nitaondoka. Siku ile, kabla sijajua ni nani yuko wapi, niliomba. Niliomba awe wako."

Mwanamke mmoja karibu yao aliacha kusali. Rozari ikaning'inia. Verdiana aliinamisha kichwa, akangoja kama mtu anayengoja mti unaokatwa uanguke.

"Ulipiga magoti wapi?" akauliza Clotilda.

"Njia panda, juu ya rweya."

"Mimi nilikuwa forodhani." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia, ilitoka kama majani yanayoburutwa. "Walikuja wakasema moja imezama, moja iko nchi kavu. Nikamwambia Bikira, wangu ampe nchi kavu. Wa mama mwingine ndiye achukuliwe na maji. Nilimwambia hivyo, kwa sauti. Nilikuwa sijui kama una jina."

Hawakugusana. Upepo wa ziwani ulipita juu ya uani, ukayatikisa majani makavu waliyoyakalia, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na aliye juu wala aliye chini, hapakuwa na aliyeombewa na kusikilizwa. Palikuwa na wanawake wawili waliowahi kusema sala ileile, saa ileile, mmoja mlimani na mmoja ufukweni, na zile sala zilikutana huko juu mahali fulani ndani ya ukungu.

"Sikukuchukia," Verdiana akasema.

"Najua. Hata mimi sikukuchukia. Nilikuwa namtaka wangu tu."

Wakati huo waliingia wageni kutoka Ijuganyondo, kundi la wanawake, wakilia tangu barabarani. Aliyetangulia alikuwa bibi mzee asiyeona vizuri. Alipapasa mabega ya watu akimtafuta mwenye msiba, akamshika Verdiana, akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akamlilia shingoni. "Pole mwanangu, pole kwa mtoto." Verdiana alitaka kusema si mimi, akamgeukia Clotilda, macho yakiuliza afanye nini.

Clotilda alisogea kando, akayaweka sawa majani makavu kwa kiganja, nafasi ya mtu mmoja.

"Ni wetu huyo, bibi," akasema. "Mwache alie, halafu aketi hapa. Ametoka mbali."